Kikombe cha Jirani

Drateru wa Ajia alimaliza ujana wake maabarani, Kampala, akitengeneza kidonge cha kufubaza virusi vya Ukimwi. Kidonge kilikuwa kizuri, ila kiliharibiwa upesi na unyevu. Ndiyo maana alisisitiza kiuzwe katika kopo lake, lililofungwa barabara.

Krismasi moja alimtembelea mdogo wake Daisy, aliyeolewa Midia, upande wa Koboko. Jirani aliyejulikana kuwa na virusi, aliyemeza vidonge hivyo bila kuficha, akaja, akanywa chai. Drateru alijua fika kwamba virusi hivyo havipiti kwenye kikombe. Nani angejua kumzidi? Lakini mgeni alipoondoka, bingwa huyo alikinyanyua kikombe kwa ncha za vidole, akakitenga pembeni.

"Usikichanganye na vingine," alisema.

Daisy pia alikuwa na virusi, akimeza vidonge vile vya dada yake kwa siri. Siku ileile akalitupa kopo, maana vidonge vilicheza ndani yake na kupiga kelele, akavifunga katika kitambaa na kuvifukia ndani ya unga wa muhogo. Mvua zikanyesha. Dawa ikaoza, naye akaendelea kuimeza bila kukosa mpaka ugonjwa ukamuua.

Siku ya matanga, Drateru alitia mkono katika unga ili awapikie waombolezaji, akatoka na kitambaa. Vidonge vyake mwenyewe vilimvunjikia mkononi kama udongo.

"Alikataza tukuambie," alisema Yangi, mume wa Daisy. "Alisema, dada iko tamutengea kikombe."

Jirani yule, mzima wa afya, akamletea Drateru chai.