Kitabu cha Msimu wa Ziwa Kufungwa

Ziwa lilipofungwa katikati ya Mei ili samaki wapate kuzaana, vichanja vya kuanikia dagaa vya mwalo wetu wa Katonga vilibaki vitupu. Tuliendelea kuja hata hivyo. Mtu aliyezoea kuamka na kwenda mwaloni hawezi kushinda nyumbani akitazama ukuta. Wengine walileta mawese kutoka Simbo wakayapima kwenye chupa. Mimi nilikuja na ndoo yangu ya vitumbua ingawa wanunuzi walikuwa wa kutafuta kwa tochi. Safina binti Kassimu alikuja mikono mitupu, akakaa ukingoni mwa kichanja chake cha dagaa, miguu ikining'inia.

Safina ni mtu wa Ujiji. Wakati huo alikuwa anaikaribia arobaini na aliishi kwa mama mkwe wake, Bi Yusra, kwa sababu mumewe hakuwepo. Gharib alikuwa mchuuzi, akivusha sabuni na sufuria kwenda Kongo kwa boti za Kibirizi na kurudi na vitenge. Miaka miwili kabla ya hapo alivuka kama kawaida na hakurudi. Hatukuambiwa kuwa boti ilizama, wala kwamba ameoa huko. Kwa hiyo hatukujua tumpe mke wake pole ya aina gani, na tusipojua la kusema, sisi watu wa mwaloni huwa tunazungumzia bei ya vitu.

Yeye mwenyewe hakulia mbele yetu. Miaka yote miwili alikuja kwa wakati, akageuza dagaa wake, akaitikia salamu. Ukimtania alicheka, ila kicheko kilichelewa kidogo, kana kwamba alikuwa amekumbushwa kwamba hapo watu hucheka.

Kitabu kililetwa na Ashura. Mpangaji wake, mwalimu, alikuwa amehamishiwa wilaya nyingine na kukiacha chini ya kitanda, jalada limeng'oka, jina halijulikani. Kilikuwa hadithi ya mauaji. Ashura alijaribu kutusomea akawa anakwama kila mstari. Regina, Muha wa Simbo aliyeimba kwaya, alisoma kwa sauti ya madhabahuni mpaka muuaji akaonekana kama mtume. Mzee Bonaventura, mshona nyavu, alisema macho yake hayaoni vya karibu. Safina alifika kidato cha nne. Akapewa.

Alisoma kama mtu anayesoma maelezo ya dawa. Hakupandisha sauti, hakushusha. Na hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo hatukulitegemea: kitabu kilitisha maradufu.

Kilihusu mfanyabiashara wa mji wa bandari aliyepotea. Mkewe anamtafuta kila mahali, lakini sisi wasomaji tunaambiwa mapema kwamba mume amekwisha kuuawa na mwili wake umo ndani ya tangi la maji juu ya nyumba ileile. Mke anafungua bomba, anachota maji, anachemsha chai. Kila mke huyo alipofungua bomba, Ashura alijifunika uso kwa mtandio.

"Usinywe, mama wee! Safina, mwambie asinywe!"

"Amekwisha kunywa," Safina alisema, akafunua ukurasa.

Ashura aliacha kutumia maji ya simtanki ya nyumbani kwake. Alikuwa akichota ziwani, watoto wake wakimnunia. Lakini asubuhi yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kufika, ametandika khanga, akiuliza Safina yuko wapi. Regina alikuwa kinyume chake kabisa. Hakupenda kuwekwa roho juu. Alisema ni dhambi mwandishi kujua jambo na kulificha, akataka Safina afungue mwisho atuambie muuaji ni nani, kisha tusome kwa amani. Wakagombana, Regina akasusa akahamia upande wa mawese. Ila nilimwona akisogeza kigoda chake karibu, kidogo kidogo, akijifanya anafuata kivuli.

Mzee Bonaventura yeye alikipinga kitabu kizima.

"Polisi gani huyo hapandi juu ya nyumba?" alisema siku moja, sindano ya nyavu mdomoni. "Na maiti kwenye maji haikai hivyo. Siku ya pili tu mji mzima unajua. Huyu mwandishi hajawahi kuona mtu aliyekufa maji. Sisi tumewatoa humu, tunajua wanavyo..."

Mawimbi yalikuwa yakipiga kwenye mitumbwi iliyolazwa kifudifudi, na hakuna aliyethubutu kumtazama Safina. Mzee akatoa sindano mdomoni.

"Nisamehe, binti yangu."

"Hujakosea, mzee," Safina alisema. "Niendelee?"

Regina aliinuka kwenye kigoda. "Turuke kurasa, Safina. Au tuache kabisa. Kitabu chenyewe cha kishetani."

"Niendelee au niache?" Safina aliuliza tena, kwa sauti ile ile, kidole kikiwa kwenye mstari. Kisha akaendelea.

Ilikuwa sura ambayo mke anapiga pasi mashati ya mumewe. Hayajavaliwa, hayajachafuka, lakini kila Jumapili anayatoa kabatini, anayapiga pasi na kuyarudisha. Juu ya kichwa chake, kwenye dari, kuna tone la maji linaanza kujikusanya. Ashura alilia. Regina alilia huku akikemea. Mimi nilijikuta nimeminya kitumbua mpaka mafuta yakanichuruzika kwenye kiwiko. Safina akasoma mpaka mwisho wa sura, akakunja pembe ya ukurasa.

"Hapa wamekosea," alisema. "Mwanzo wameandika mashati sita, huku wameandika saba."

Ashura alijipangusa machozi akamkazia macho. Nadhani alikasirika. Nadhani kitabu kilikuwa kimemzoesha kuuliza.

"Safina, wewe husikii chochote? Hivi Gharib ilikuwaje hasa? Hujawahi kutuambia."

Nilitaka kumfinya. Lakini Safina hakuonekana kuumia. Alifikiri, kama mtu aliyeulizwa njia ya kwenda mahali.

"Aliondoka asubuhi. Alikunywa chai, akasema sukari imezidi. Alipofika ng'ambo alinipigia kwamba amefika, mzigo umelowa kidogo. Baada ya hapo simu ikawa haipatikani. Nikaipiga kila siku. Siku moja ikapokelewa na mtu akaongea Kifaransa, akakata. Basi."

"Halafu?" Ashura akauliza.

"Hakuna halafu."

"Wenzake wa kwenye boti je?"

"Walisema walimwacha sokoni akiwa mzima, anakula."

"Halafu?"

"Ashura. Hakuna halafu."

Ashura alikaa mdomo wazi. Hata mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa nangoja. Tulikuwa tumekaa vile vile tulivyokaa kungoja sura inayofuata, na Safina alituona. Akatutazama mmoja mmoja, bila chuki, akafunga kitabu akaenda nyumbani kupika.

Siku iliyofuata alirudi kukimalizia. Muuaji alikuwa shemeji mtu, ndugu wa tumbo moja wa marehemu. Ashura akashangilia, akasema alimtilia shaka tangu alipokuja na maua. Mzee Bonaventura akasema mtoto mdogo angejua. Regina hakuridhika, maana mke aliolewa na yule polisi asiyepanda juu ya nyumba, na muuaji alinyongwa bila kutubu. Wakabishana mpaka jua likawa kali. Ashura akataka Safina naye aseme: kitabu kizuri au kibaya?

"Kirefu," alisema.

"Sema kweli bwana."

Alikigeuzageuza mkononi. "Yule mama alipata kaburi," alisema. "Walimtoa mtu wake wakampa akamzika. Mimi hapo ndipo ningemalizia. Yale ya polisi sijui ya nini."

Akamrudishia Ashura kitabu.

Hakuna lililobadilika kwa kishindo. Ila tangu siku ile hatukuzungumza naye tena bei za vitu. Mtu akitaka kumtaja Gharib alimtaja. Regina alimwambia, "Ego, ndiyo, tutamwombea na huku kwetu kanisani," na Safina akamshukuru. Bi Yusra, nilisikia, alikuwa bado anamwekea mwanawe sahani jioni. Safina ndiye aliyekuwa akiiosha.

Agosti ziwa likafunguliwa. Dagaa walirudi kwa wingi na vichanja vikang'aa kama mabati mapya. Wiki hizo za mwanzo Safina alifanya kazi bila kuinua kichwa. Kisha akaniomba nimsaidie kuhama.

Alikuwa amepata chumba Bangwe. Alimuaga mama mkwe wake kwa adabu zote, akapiga magoti, akasema atakuja kila Ijumaa. Bi Yusra hakumzuia wala hakumbariki. Alipokea funguo, akauliza kama jiko la mkaa analiacha. Safina akasema analiacha. Tukabeba godoro sisi wawili mpaka barabarani, mimi mbele.

"Unasikia uchungu?" nilimuuliza, maana na mimi nilikuwa nimejifunza kuuliza.

"Sijui, Mama Leodgar. Nikisikia nitakwambia." Baada ya hatua chache akasema, "Godoro zito."

Chumba kilikuwa kidogo, sakafu ya saruji, dirisha moja lililotazama ukuta wa jirani. Tulifagia. Tulipigilia msumari wa kutundikia nguo. Hakukuwa na mengi ya kupanga, na tulipomaliza akasimama katikati ya chumba akigeuka polepole, huku na huku, mpaka nikadhani ameanza kizunguzungu.

"Kibla kiko upande gani hapa?" akaniuliza.

Mimi Mkatoliki, ningejuaje. Nikatoka uani nikamkuta mama mmoja anafua, nikamuuliza. Hakuacha kufua. Alinyoosha kidevu kuelekea kona yenye mlango wa choo, akacheka, akasema ndiyo hivyo, dada, utafanyaje. Nikarudi nikamwonyesha Safina. Akauchukua mswala akautandika upande huo, akaurekebisha kwa kidole cha mguu mpaka ukanyooka, akaniambia nimsubiri kidogo.