Viatu Kumi na Sita

Miaka ile serikali ilipoachia biashara, na mitumba ikaanza kuuzwa mchana kweupe, nilikuwa na turubai langu la viatu sokoni Bariadi. Muuza viatu hatazami uso wa mtu. Uso hauna namba. Nilijua miguu ya nusu ya mji na sikujua majina ya wenyewe.

Asubuhi moja askari alikuja kuokota wanaume. Alitaka wanane, vijana, wembamba.

"Gwaride la utambuzi," akasema. "Shahidi anamgusa aliyemwona. Nyie mnasimama tu, mnarudi."

"Na nikiguswa mimi?" akauliza jirani yangu, muuza chumvi.

"Unaachiwa. Wewe si mtuhumiwa."

"Maana afande, mimi nina sura ya ng'ombe, sina sura ya mwizi wa ng'ombe."

Tulicheka mpaka kwenye geti la kituo.

Mtuhumiwa alikuwa kijana mfugaji wa upande wa Mwandoya. Ilisemekana alikuwa kati ya waliochukua ng'ombe wa mzee mmoja wakati wa magharibi, wakamkata mzee panga la kichwa. Mzee alipona, lakini hakukumbuka tena hata jina lake. Aliyebaki na kumbukumbu ni mkewe, naye aliuona uso mmoja tu. Kesi nzima ilikaa kwenye macho ya mama yule.

Niseme kweli, mkaguzi wa polisi aliyesimamia hakuwa mtu wa hila. Alitupanga kwa urefu. Akamtafutia kijana shati safi, ili lile lililolala mahabusu lisimchongee. Akamwambia achague mwenyewe pa kusimama, naye akachagua kushoto kwangu. Mkaguzi akatuhesabu: tisa. Mimi nikahesabu kwa njia yangu, kutoka chini. Miguu kumi na minane. Viatu kumi na sita. Nikarudia, maana hesabu ya mara moja ni ya mjinga. Kumi na sita.

Anayeingia mahabusu huvuliwa viatu mlangoni. Shati walikumbuka.

"Kuna mwenye neno kabla shahidi hajaingia?"

Neno nilikuwa nalo. Lakini turubai langu lilikaa kando ya barabara bila leseni, hatua chache kutoka pale, na niliona mapema bei ya kumfundisha polisi kazi yake. Nikameza. Kijana naye akaulizwa.

"Sina neno, mkuu," akajibu, kichwa chini, kama tulivyolelewa kuwajibu wakubwa.

Mama akaingia. Mara ya kwanza alipita akitazama nyuso, akafika mwisho bila kumgusa mtu.

"Rudia mama, usiwe na haraka."

Mara ya pili alikuwa amechoka, macho yakashuka miguuni. Nilisikia pumzi yake ikinipita, kisha ikasimama. Akamgusa kijana begani, akaanza kulia.

Mkaguzi akamuuliza kijana kama ameridhika. Kijana alitazama miguu yangu, kisha yake, akaniambia kwa Kisukuma, taratibu, kama mtu anayeuliza njia: kumbe wewe ndiye yule muuza viatu.

Sijui kama alikuwemo kwenye wizi ule. Huenda alikuwemo. Hilo nalo nimelihesabu mara mbili, na kila mara linatoka tofauti.

Mahakamani ilisomwa karatasi ya gwaride: watu tisa, wanaofanana, hakuna pingamizi. Akapewa miaka thelathini.

Mvua za kwanza zilipokaribia, mama mmoja alisimama mbele ya turubai langu.

"Mwangaluka, baba."

"Mwangaluka, mayu."

Akafungua fundo la kanga, akatoa katambuga, ndala za tairi, kisigino cha kulia kimelika upande.

"Za mwanangu. Kituoni wamenirudishia. Nataka nauli nikamwone gerezani." Akataja bei. Haikuwa kubwa.

Nilizitambua kabla hajamaliza kusema. Namba ile ile ya miguu iliyosimama kushoto kwangu, vidole vile vile vilivyochapa alama kwenye tairi. Na mdomo wangu, kwa mazoea yake, ukasema:

"Punguza kidogo, mayu."

Akapunguza.

Bado ninazo. Mteja akiziulizia namwambia hazimtoshi, hata kabla sijamtazama miguu.