Mshono wa Daktari na Njia ya Mkwe

Miaka ile ya hamsini nilitolewa kizazi hospitalini Mbeya. Daktari alinieleza kwamba sehemu ya juu ya uke ameishonea kwenye kano za nyonga ili isishuke, mradi nisibebe mzigo wala kuchuchumaa mpaka nipone.

Nikarudi nyumbani Tukuyu. Kwetu Wanyakyusa, mwanamke akikutana na baba mkwe njiani huingia kando, akachuchumaa na kuficha uso mpaka mzee apite. Siku niliyokutana na wangu, hakupita. Alisimama palepale kuzungumza na jirani habari za ng'ombe, nami nimechuchumaa majanini. Nikahisi kitu kinaachia, kinashuka.

Hakikupanda tena. Ukoo mzima ukamlaani daktari kuwa hajui kushona. Nilinyamaza na hasira zangu. Mkwe kwetu hatajwi.