Kete za Mtani Wangu

Upande wetu wa Matombo hakukuwa na mtu aliyelijua bao kama mtani wangu, na hakukuwa na mtu aliyechekwa kama yeye. Watu walitoka vijiji vya mbali, wakapanda vilima na kushuka, ili waje wafungwe naye, halafu wakirudi kwao wanamsimulia kuwa ni kichaa. Mimi nikisikia hivyo nilikasirika. Kumcheka ilikuwa haki yangu, maana ukoo wake na ukoo wetu ni watani tangu enzi za mababu. Wao hutuzikia sisi, sisi huwazikia wao, na siku nyingine zote tunatukanana bila mtu kununa.

Kilichowachekesha watu ni vyombo vyake. Wengine wote walicheza kwa komwe, zile mbegu ngumu za kijivu zilizokuja na wachuuzi kutoka pwani, laini mkononi na karibu zote saizi moja. Yeye alizikataa. Alisema komwe zinamlemaza mchezaji. Leo utamkuta anacheza kwa kokoto za mtoni, kesho kwa mbegu nyeusi za mgomba-mwitu, keshokutwa kwa vipande vya kibuyu alivyovikata na kuvisugua juu ya jiwe. Mwaka mmoja alichonga ubao ambao mashimo yake hayalingani kina, akacheza nao mpaka wenzake wakamsusa.

Mimi nilikuwa mfinyanzi. Siku moja mtani wangu alifinyanga ubao wa bao kwa udongo wangu, akauchomeka katikati ya vyungu vyangu siku ya kuchoma, bila kuniomba. Ubao ulipasuka motoni ukaondoka na vyungu vyangu vizuri kabisa, vile vya shingo nyembamba. Nilimkimbiza na mwiko mpaka kwenye migomba. Yeye alikuwa anakimbia huku anauliza kwa sauti, "Mtani, ulilia vipi ule ubao ulipopasuka? Ulilia kama chungu au kama jiwe?" Hakuwa na habari na hasara yangu. Alitaka kujua mlio.

Basi ndivyo alivyokuwa. Mkewe alikuwa amekwisha kumrudia mama yake, akisema hawezi kulala na mwanamume anayeweka kokoto kinywani usiku ili azijue uzito. Mimi nilikuwa nikimtukana kila siku kama desturi inavyonitaka, lakini kimoyomoyo nilimstaajabia. Sikuwahi kuona mtu mwingine anayeshughulika na jambo dogo hivyo kwa moyo wote, bila kujali anaonekanaje.

Mwisho akachanganya vyote. Alikuja uani kwangu na mfuko wa ngozi, akaumwaga: kokoto, mbegu za mgomba-mwitu, mbegu za ukwaju, vipande vya kibuyu, punje za mahindi. Akapanga ubaoni.

"Mtani, tazama shimo hili. Zimo ngapi?"

"Nane," nikasema.

"Tano. Na hili?"

"Tatu."

"Saba." Akacheka mpaka akakohoa. "Jicho la mtu ni vivu. Likiona shimo limejaa linasema nyingi, halafu linakwenda zake."

Nilipeleka kidole nizihesabu, akanipiga mkono. Kwetu mtu mzima hatii kidole shimoni kuhesabu kete. Watoto ndio wanaohesabu hivyo. Mchezaji anatazama, anajua, anashika, anatembeza. Mtu mzima akitia kidole tu, watazamaji humzomea mpaka ainuke aondoke, na wengine hawarudi tena kwenye baraza ile. Mtani wangu alikuwa anajizoeza miaka mingi kuzijua kete mchanganyiko kwa jicho peke yake, na hakuna aliyemwuliza anajizoeza kwa ajili gani.

Kisha vita ya Mjerumani na Mwingereza ikatufikia. Bomani Morogoro wakataka wapagazi, wengi, na wakawa hawatosheki. Tuliona watu wanashuka na kamba shingoni, ni wachache tuliowaona wakipanda. Waliobahatika kurudi walirudi mifupa mitupu. Vijana wetu wakahamia msituni huko juu kwenye ukungu, wakawa wanashuka kwa kujificha kuchukua chakula.

Mdogo wangu alikuwa mmoja wao. Nilikuwa naye yeye tu. Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye nguzo ya nyumba. Wanangu walikuwa na mjomba huyo mmoja, na mama yetu alikuwa na mwana huyo mmoja wa kiume. Alishuka msituni kwa sababu ya homa. Nilikuwa nimemketisha jikoni kwangu, namnywesha uji, askari wakasimama mlangoni. Sikuwa hata na nafasi ya kusema yule ni mgonjwa. Walimfunga mikono wakamteremsha kwa akida, na mimi nikaachwa na kata ya uji mkononi.

Nilikimbia kwa mtani wangu. Nilimkuta anasugua kipande cha kibuyu.

"Wamemchukua mdogo wangu," nikamwambia.

"Basi niende nikachimbe kaburi," akasema. "Ila lile tumbo lake, tutachimba siku nzima."

Ndivyo watani wanavyosema, na mtani hakasirikiwi. Nilimpiga kofi. Nilimpiga kwa nguvu zangu zote, na mkono wangu wa mfinyanzi haukuwa mwepesi. Alijipapasa shavu, akakiweka kile kipande cha kibuyu chini.

"Akida bado anapenda bao?" akauliza.

Akida alikuwa mtu wa pwani, aliyewekwa na Wajerumani kututawala. Kanzu yake nyeupe siku zote, ubao wake wa mninga uliong'arishwa kwa mafuta, na sifa kwamba hajafungwa na mtu tangu aje kwetu. Ni kweli alilijua bao. Ni kweli pia kwamba mwenye nguvu mpishe. Nani angemfunga akida halafu aende kulala kwake kwa amani? Nikamwambia mtani wangu aache upuuzi. Alikuwa amekwisha kuchukua mfuko wake wa ngozi.

Tulishuka pamoja. Barazani kwa akida watu walikuwa wamekalishwa upenuni, kamba moja imepita shingo baada ya shingo. Mdogo wangu alikuwa katikati, macho mekundu, anatetemeka katika jua. Askari alikuwa amesimama na bunduki, anataka kuondoka kabla jua halijapinduka, na akida anamalizia kahawa yake.

"Shikamoo, bwana akida," mtani wangu akaamkia.

"Marahaba. Wewe ndiye yule kichaa wa kokoto?"

"Ndiye mimi. Nimesikia hufungwi."

Akida akacheka. Mtani wangu akasema bila kupepesa macho, "Nikikufunga, nipe yule mwenye homa. Ni mtani wangu, nimekuja kumzika mapema."

Watu waliokuwapo wakaguna. Akida akamtazama mdogo wangu, akamtazama mtani wangu, na niliona jambo limemwingia. Nadhani alikuwa amechoka kuwafunga watu wanaojifungisha. Akasema, "Haya. Ukinifunga, yule anatoka. Nikikufunga, na wewe unaingia kambani. Askari, umesikia?"

Nilitaka kumvuta mtani wangu nguo tuondoke. Alikuwa amekwisha kukaa mbele ya ubao. Sasa walikuwa watu wawili, mmoja wa ukoo wangu na mmoja wa watani wangu, wote juu ya ubao wa mninga.

Akida akaleta komwe zake kwenye kikapu kidogo. Mtani wangu akatikisa kichwa. "Bwana akida, huku milimani mwenyeji hutoa ubao, mgeni hutoa kete." Ilikuwa kweli, ndiyo desturi yetu, na wazee waliokuwa pale wakaitikia. Akamwaga mfuko. Akida alipoziona zile takataka akacheka mpaka akafuta machozi.

"Kete ni kete," akasema. "Panga."

Nilikaa chini kwenye vumbi mahali nilipoweza kuuona ubao. Mwanzoni akida alicheza upesi, anashika na kutembeza huku anazungumza na askari, na kila alipokula kete za mtani wangu aligonga ubao kwa kiganja. Akala tena. Akala tena. Safu ya mbele ya mtani wangu ilibaki na kete chache tu. Mdogo wangu alikuwa hatazami mchezo. Alikuwa ananitazama mimi, ajue kwa uso wangu mambo yanakwendaje, na mimi nilijitahidi uso wangu usiseme neno.

Mtani wangu alikuwa amekuwa mtu mwingine. Hakunena mzaha hata mmoja. Alikuwa anatazama mashimo moja moja, midomo inacheza kidogo, kisha anashika na kutembeza, na kete yake ya mwisho inaangukia palepale alipotaka. Polepole nikaona kwamba kokoto zilikuwa zinahamia kwake na punje na mbegu ndogo zinabaki kwa akida. Mashimo yake yalionekana yamefura na yale ya akida yanaonekana maskini, na ukweli ulikuwa kinyume chake. Akida akaanza kunyamaza. Alitembeza mara moja, akaangukia shimo tupu ambalo hakulitegemea, akalala, zamu ikamtoka. Akakunja uso. Akatembeza tena, akalala tena.

Kisha ikafika zamu yake ya mwisho, na alijua. Kulikuwa na shimo moja pembeni lililojaa kete ndogo. Kama zingekuwa idadi fulani, angefika kwenye nyumba ya mtani wangu, lile shimo lake kubwa, na kuila yote, na mchezo ungeishia hapo. Zikizidi moja au zikipungua moja, basi. Aliinama. Alitazama kwa muda mrefu. Mkono wake wa kulia ukanyoosha kidole, kidole kikashuka mpaka juu ya shimo.

Wazee walikuwa wamekitolea macho kile kidole. Naapa nilikiomba kidole kile kirudi. Nilikiomba kama mtu anavyoomba mvua. Akida akainua uso akawaona wazee, akaona askari anamtazama, akaona hata watu wa kambani wamegeuza shingo. Akakunja kidole. Akazishika kete zote kwa mkupuo, kama mtu asiye na shaka, akatembeza.

Ya mwisho ilikuwa punje ya mahindi. Iliangukia shimo tupu, moja kabla ya pale alipopataka.

Mtani wangu hakuchelewa. Alishika, akatembeza, akala, akazunguka, akala tena, mpaka safu ya mbele ya akida haikuwa na kitu, na hapo ndipo mtu huwa amefungwa. Kisha akaweka mikono magotini. Mimi nilikuwa nimesimama, sikumbuki nilisimama saa ngapi. Nilipiga kigelegele kimoja, kikafa chenyewe kwa sababu hakuna aliyekipokea.

Akida hakugeuza maneno yake, nitamsema kwa haki. "Mfungue," akamwambia askari. Mdogo wangu akafunguliwa, akaja akaniangukia, mwili wake moto. Nilimkumbatia huku nalia bila aibu.

Askari alianza kuhesabu watu wake kwa kidole, kichwa baada ya kichwa, akarudia tangu mwanzo. "Bwana akida," akasema, "bomani wanangoja hesabu kamili. Hapa mmoja amepungua."

Akida akawa anatazama mikono yake. "Ahadi yangu ilikuwa juu ya yule tu," akasema. "Nimeitimiza."

Askari akatazama huku na huku. Wazee hawakumfaa. Mtani wangu alikuwa bado amekaa mbele ya ubao, mabega mapana, mzima wa afya. "Wewe," akaambiwa, "inuka."

Mdogo wangu alijaribu kujichomoa mikononi mwangu. "Nirudisheni mimi," akasema, "nirudisheni." Nilimbana. Nilimbana nikamwumiza, na nilipomtazama mtani wangu alinitikisia kichwa, nisimwachie. Kamba ikapitishwa shingoni mwake. Mpaka leo sijui kama alishuka kwa ajili ya mdogo wangu au kwa ajili ya lile bao alilolitamani maisha yake yote. Nilijiuliza kwa miaka, na siku nyingine nilimkasirikia kwa kuondoka bila kuniambia.

Alipokwisha kufungwa kamba, mtani wangu akasema, kwa sauti ileile ya kawaida, "Bwana akida, turudie. Mara moja tu. Kwa komwe zako, ukipenda. Nikikufunga tena, nami nitoke."

Akida aliinua macho. Niliona wazi anataka. Alikitazama kikapu chake cha komwe, akautazama ubao, mkono wake ukatoka kidogo kwenye kanzu. Angeweza kumfunga, kwa komwe zake angeweza. Mtani wangu alikuwa amesogea hatua moja mbele, kadiri kamba ilivyomruhusu, anangoja.

"Mimi sichezi na wapagazi," akida akasema, akaingia ndani.

Askari akavuta kamba, wakaanza kuteremka njia ya Morogoro. Hakuna aliyetuletea habari zake.