Nukta Nyekundu Juu ya Jiwe Langu

Mgongo wangu niliuona mara ya kwanza ndani ya kishikwambi cha shule. Mjukuu wangu wa darasa la sita alikileta nyumbani akiwa hana raha, akaniwekea mapajani. Mle ndani nilikuwa nimeinama ziwani, kwenye jiwe langu la kufulia, povu limetanda mpaka kwenye mafunjo. Juu ya picha kulikuwa na nukta nyekundu.

"Nyekundu ndiyo nini?"

"Uchafu, bibi."

"Na nani kanipiga picha?"

"Tulitumwa kupiga povu. Sikukupiga wewe."

Akanieleza. Kila Jumamosi darasa lao linashuka ufukweni, wanapima maji na kupiga picha za mimea na taka, halafu wanazituma kwenye ramani ya mtandaoni ambayo shule nyingine za kandokando ya ziwa zinaiona. Jumapili ramani ingeonyeshwa kwenye mkutano wa mtaa, na mwenyekiti alishasema: penye nyekundu, wafuaji waondoke. Penye nyekundu palikuwa mahali pamoja tu. Pangu.

Shule niliishia darasa la pili, lakini kufukuzwa sikuhitaji kufundishwa. Bomba letu likitoa maji leo, kesho linakohoa hewa. Kwenye jiwe lile nimefua nepi za wanangu wote. Wanawake tuliofua pamoja nawakumbuka wote kwa majina, na majina ya watoto waliokuwa mgongoni. Siwataji hapa, waliobaki watakuja kunisuta.

Jumamosi nikawatangulia. Mwalimu, kijana mpole mwenye buti za mpira, alinikuta nimekaa juu ya jiwe na beseni langu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mmefuata mgongo tena?"

Watoto wakacheka. Mjukuu wangu hakucheka.

"Bibi, sabuni inaharibu maji. Hilo siwezi kulifuta."

"Nani kakwambia ufute? Nionyeshe."

Mtoto mmoja akatumbukiza kikaratasi cha kupimia pale nilipokuwa nasuuza. Kikabadilika rangi. Niliiona, sikubisha.

"Haya. Sasa twendeni kwenye mfereji ule unaoteremka kutoka majumbani."

"Pale hatukupanga kupima, bibi."

"Mimi nilipangwa?"

Tukaenda, watoto wameziba pua. Mfereji ule unapita nyuma ya nyumba ya mwenyekiti mwenyewe na kubeba maji yake machafu. Kikaratasi kilikolea rangi kuliko changu, na mjukuu wangu ndiye aliyepiga picha. Nukta ya pili ikaingia kwenye ramani.

Nilirudi jiweni nikifikiria mama mkwe wangu, mtu wa Ukerewe. Kwake chungu chenye masizi hakikutumbukizwa ziwani. Ulichota maji, ukaoshea juu kwenye nyasi, vinginevyo ziwa lingekukimbia. Sabuni ya unga ilipokuja tukayaita hayo maneno ya kizee. Nikachota, nikalibeba beseni hadi nyasini, nikafua huko. Kiuno kililalamika. Nikakiacha kilalamike.

Mkutanoni mwenyekiti akaonyesha ukutani nukta yangu peke yake.

"Wafuaji wataondoka."

Nikasimama. "Mwalimu, sogeza ramani kidogo."

Ikasogea. Watu wakatambua bati la nyumba ya nani lile, wakaanza kuguna.

"Bibi, hayo ni mambo mengine," mwenyekiti akasema.

"Ni ziwa hilohilo. Mimi sabuni nimeshaipandisha nyasini, watoto waje wanipime kila wiki. Na wewe upimwe. Ukitaka niondoke, ondoka kwanza na mfereji wako."

Kicheko kikafunika kipaza sauti chake. Hakuna aliyenifukuza siku ile, wala mpaka leo. Mfereji bado unateremka, nasi hatujanyamaza.

Nukta yangu nayo haijawa kijani. Inapimwa Jumamosi, nami nipo. Mjukuu wangu aliniuliza kama aifute ile picha. Nikamkatalia. Nikamwambia aiache, aweke nyingine kando yake, na safari hiyo alipopiga nikageuka nikamtazama.