Chupa za Marehemu Correa

Fundi wa matangi hubisha hodi kabla ya kufungua kisanduku cha nyaya. Hugonga tangi kwa kifundo cha kidole, mara mbili, kisha husubiri. Ndani hamna mtu. Mna maji safi yaliyofungiwa gizani, na vyombo vinavyongoja mmweko pale chembe kutoka angani zinapoyapenya. Matangi ya namna hiyo yametapakaa tambarare yote ya Malargüe, Argentina, na wafugaji huacha chini yake chupa za maji kwa Marehemu Correa, mama aliyekufa kwa kiu jangwani. Fundi huzifuta vumbi na kuzisimamisha zilizoanguka. Hajapata kufungua hata moja.

Kiangazi hiki mfugaji mmoja, Doña Eduvina, alimfuata na mbuzi wake, wawili wakiwa wameshalala chini.

“Una maji tele humo, mwanangu, na hawa wanalamba mawe.”

“Mwanga ukiingia, mama, tangi limekufa.”

“Basi wafe wangu?”

Fundi akazitazama chupa. Akabisha hodi mara mbili, akasubiri kwa muda mrefu kuliko kawaida yake, kisha akazimimina zote kwenye karai. Mbuzi walipokuwa wakinywa, redio ya gari ikakoroma: mwenzake wa kituoni.

“Kaka, tangi lako limetoa mmweko mkubwa, mara mbili. Ya jirani yote kimya.”

Chembe za kweli huja kama mvua na kuwasha matangi kadhaa kwa pamoja.

“Andika hitilafu,” akajibu kwa sauti ya chini. Akachukua maji yake ya kunywa, akajaza chupa moja, akairudisha chini ya tangi. Kizibo hakukifunga, mwenye kiu asipate taabu.