Tulivyoipandisha Motokaa ya Mzee Seif

Nakumbuka siku ile motokaa ya Mzee Seif ilipotoka kwa fundi Ilala ikiwa imesimama juu kama jogoo, mwanangu, na mpaka leo nikisimulia moyo unanidunda. Harusi ndiyo iliyotutuma. Dada yangu Zuhura alikuwa anaolewa Ijumaa, naye ameshaapa: hasingwi, hapakwi liwa ya harusi, na mtu mwingine ila bibi yetu. Bibi ndiye somo wake, ndiye aliyemfunda tangu utotoni. Liwa imeshasagwa, mawaridi yameshalowekwa, na mwali kajifungia chumbani analia, maana bibi yuko Maneromango, magoti yake hayawezi tena safari ya miguu, na mvua za masika zimeichimbua njia yote. Bila bibi, Zuhura hatoki. Ndivyo alivyosema, na wewe hukumjua Zuhura.

Mzee Seif alikuwa jirani yetu Kariakoo, Mwarabu muuza kanga, mcheshi kuliko wateja wake. Mimi ndiye niliyekuwa nikimwendeshea gari. Akaniambia, "Shabani, chukua gari, nami nakwenda nawe. Zuhura huyu nimempakata mwenyewe, leo aolewe akinung'unika?"

Shida ilikuwa moja. Gari lile lilikuwa la mjini, tumbo lake karibu na ardhi. Mimi kijana wa madarasa machache na ndoto nyingi, nikasema, tulipandishe! Tukalipeleka kwa Fundi Makame. Akaongeza vyuma vya springi alivyovitoa kwenye lori bovu, akapachika magogo ya mninga kati ya springi na ekseli, ule mtaimbo unaounganisha magurudumu, akafunga mikanda ya chuma. Gari likainuka, likainuka! Nilitamani kulikumbatia.

Tukalipitisha Mnazi Mmoja kulijaribu. Watu wakaacha shughuli zao.

"We Shabani!" akapiga kelele muuza kahawa. "Hiyo motokaa au ngamia?"

"Ngamia anayekunywa petroli!" nikamjibu, na vicheko vikatufuata mpaka Kariakoo. Ah, mwanangu, sifa ni tamu. Lakini wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Hakuna hata mmoja wetu aliyeinama kuchungulia chini.

Jumatano asubuhi tukaondoka. Mlima wa Pugu tukaupanda tunaimba. Madimbwi ya Kisarawe tukayapasua, maji hayakugusa hata sakafu, nami nikawa napiga honi hata pasipo na mtu. Mbele kidogo tukakuta njia iliyopitwa na malori ya mkaa. Magurudumu yao yalikuwa yamechimba mifereji miwili mirefu, na katikati pamebaki tuta gumu. Nikaona njia hiyo, imeshatengenezwa! Nikayatia magurudumu yetu mferejini, nikakanyaga mafuta.

Kru! Gari likakaa juu ya tuta kama kuku anayeatamia. Magurudumu yanazunguka, matope yanaruka, sisi palepale. Nikamfikiria Zuhura chumbani, nikazidi kukanyaga mafuta.

Mzee Seif akafungua mlango. Alishuka, akalala chali matopeni na kanzu yake nyeupe, akaingiza mkono chini ya gari. Mara nikasikia kicheko kinatoka huko.

"Shabani, njoo ulale hapa. Usiogope, matope hayaumi." Nikalala kando yake. "Unaliona hili bakuli la chuma katikati ya ekseli ya nyuma? Difu. Pima."

Nikapima kwa shubiri kutoka difu mpaka chini ya gurudumu. Nafasi ilikuwa ileile ya siku zote. Springi na magogo viliinua bodi tu. Ekseli hubebwa na magurudumu, na magurudumu hatukuyagusa.

"Mmelipandisha kilemba," akasema Mzee Seif, "miguu ni ileile. Halafu unafuata njia ya lori! Lori lina magurudumu marefu, tumbo lake linapita juu ya tuta. Lako litapita wapi?"

Mwiga tembo, mwanangu... hayo mengine unayajua. Tukalichimba tuta kwa jembe tulilolibeba nyuma ya gari mpaka difu ikaachiwa, tukasukuma mpaka jasho likachanganyika na matope. Kisha akanifundisha: gurudumu moja juu ya tuta, jingine ukingoni nje ya mfereji, ili tumbo lipite juu ya shimo. Polepole, maana gari refu huyumba. Lilipoinama kidogo tu nikapiga shahada, lakini likaenda! Tukapiga kelele kama watoto waliopewa kashata.

Maneromango bibi alitoka nje, akalitazama gari toka chini mpaka juu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mume wangu. Umeniletea gari au dari? Mguu wangu huu utafika huko?"

Kweli, ngazi ilikuwa imepanda pamoja na bodi. Tukapindua kinu, akakikanyaga, akapanda huku anatutukana kwa furaha. Kila tulipofika kwenye tuta alinigonga bega na mkongojo: "Angalia tumbo, mume wangu! Angalia tumbo!"

Alhamisi alasiri tukaingia Kariakoo. Sauti ya bibi ilitangulia uchochoroni, na Zuhura akatoka mbio, hana kanga kichwani.

"Mwali hakimbii!" bibi akamkemea, na huku amefungua mikono yote miwili. Jioni ile dada yangu alisingwa, na Ijumaa akatoka.

Basi, mwanangu, sikwambii usiote. Ota sana, pandisha unachotaka kupandisha. Furaha ile sijutii hata chembe. Ila kabla hujasafiri, inama, ujue ulipo mfupi, maana hapo ndipo njia itakapokushika, si pale watu wanapokusifia. Na ukikuta alama za aliyepita, tazama kwanza alipita na nini. Ukikwama, usione haya kuchafuka.

Mungu akufungulie njia za masika na za kiangazi, akupe wa kukucheka bila kukuacha, na kila unayemfuata akusubiri kwa mikono miwili. Amina.